Daktari Anajibu: Burkitt na uvimbe wa taya za watoto

Katika toleo lililopita nilitaja, kwa kupita tu, kwamba mojawapo ya saratani za mwanzo kabisa kuponyeka kwa dawa pekee, bila kisu wala mionzi, ilitibiwa hapa hapa kwetu, Kampala na Nairobi, na kwamba jina lake, limfoma ya Burkitt, limetokana na daktari mpasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kuliko makala yote iliyobaki. Nimechagua nne, na nimezifupisha kidogo.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Mwanza, nasoma Fizikia, Kemia na Biolojia. Nataka kuwa daktari anayetafuta tiba mpya za saratani ya watoto. Mwalimu wetu anasema kazi hiyo ni ya maabara kubwa za ng'ambo, na kwamba daktari wa wodini hugawa tu dawa zilizokwisha kugunduliwa na wenzake. Je, ni kweli? Na huyo Burkitt alianzaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako hakukosea kabisa, kwa sababu dawa yenyewe kwa kawaida hutengenezwa na wanakemia. Lakini kati ya unga ulio ndani ya kichupa na mtoto aliyepona kuna kazi ndefu ambayo haifanyiki popote isipokuwa wodini, na maisha ya Burkitt yanaionyesha kazi hiyo vizuri kuliko ya daktari mwingine yeyote ninayemjua.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho la kulia katika ajali. Alianza chuo kikuu Dublin akisomea uhandisi, akahamia udaktari, na alipoomba kazi katika utumishi wa makoloni akakataliwa kwa sababu ya lile jicho. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyomleta Afrika Mashariki akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapata kazi Uganda, kwanza Lira, kisha Hospitali ya Mulago. Huwezi kuona katika wasifu huo dalili ya mtafiti mashuhuri. Alikuwa mpasuaji wa kawaida aliyeshinda akipasua mabusha na ngiri, ila tayari alikuwa na tabia moja ya ajabu: katika wilaya ya Lango alitambua kwamba mabusha ni mengi upande mmoja wa wilaya na ni machache upande mwingine, akakaa chini na kuliandika jambo hilo, ilhali wengine wangepasua tu na kumwita mgonjwa anayefuata.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini Mulago amtazame mtoto wa miaka mitano hivi aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto, meno yakiwa yamelegea. Burkitt hakuelewa. Uvimbe wa usaha haushiki pande nne kwa pamoja, na saratani aliyofundishwa yeye huanzia mahali pamoja. Wiki chache baadaye, akiwa katika ziara ya wodi Jinja, alitazama nje ya dirisha akamwona mama ameketi kwenye nyasi na mtoto mwenye uso ule ule. Akatoka nje, akampima, akakuta na tumbo lina uvimbe. Aliporudi Mulago alipekua mafaili ya watoto waliowahi kufika na uvimbe wa taya pamoja na taarifa za uchunguzi wa maiti, na humo akakuta kwamba wengi walikuwa pia na uvimbe kwenye figo, ini, ovari na tezi zilizo juu ya figo. Magonjwa ambayo hadi siku hiyo yalikuwa yameandikwa kwa majina mbalimbali yalikuwa ugonjwa mmoja. Hapo ndipo utafiti wake ulipoanzia, mwanangu: kwenye kabati la mafaili, ambalo hadi leo ni mahali panapodharauliwa sana katika hospitali zetu.

Alichapisha makala yake mwaka 1958, wala haikuwashtua wengi. Tena alikosea jambo moja: aliuita ugonjwa huo sarkoma, yaani saratani ya mifupa na nyama, na wanapatholojia wa Kampala (madaktari wanaosoma vipande vya mwili kwa hadubini), hasa George O'Conor, ndio walioonyesha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga. Sioni aibu katika kosa hilo. Burkitt alikuwa na macho ya wodini, wenzake walikuwa na hadubini.

Baada ya hapo aliandikia hospitali nyingi za Afrika akiulizia kama zimewahi kuuona uvimbe huo, akiwatumia na picha, kwa ruzuku ya pauni 25 tu. Kila jibu lililokuja alilitia alama kwenye ramani. Mwishoni mwa mwaka 1961, pamoja na madaktari wawili wamishonari, Ted Williams na Cliff Nelson, alinunua gari kuukuu aina ya Ford, wakasafiri kwa wiki 10, kilomita zipatazo 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipita katika hospitali karibu 60 na kuuliza swali lile lile. Waingereza waliiita safari ndefu, wakatumia neno letu lenyewe, “safari”. Jibu walilopata ni kwamba ugonjwa huo hupatikana mahali penye joto na mvua na kutoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi. Na Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita vikali, ulionekana kwa nadra ingawa joto na mvua vipo. Baadaye ilifahamika kwamba malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara huivuruga kinga yake na kukipa nafasi kirusi kilichogunduliwa London mwaka 1964 na Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, ndani ya vipande vya uvimbe vilivyopelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Epstein alikuwa amekaa kati ya wasikilizaji Burkitt alipotoa mhadhara London mwezi Machi 1961, na alitoka hapo akiwa ameamua kuacha kazi aliyokuwa nayo na kukitafuta kirusi.

Sasa tuje kwenye tiba, ambayo ndiyo uliyouliza. Kisu hakikufaa, kwa kuwa kuondoa uvimbe kulimaanisha kuondoa nusu ya uso wa mtoto, na ugonjwa ulikuwa bado tumboni. Mionzi haikuwapo Uganda. Joseph Burchenal, daktari wa saratani kutoka New York, alikuwa akitafuta mahali ambapo dawa zingeweza kupimwa zikiwa peke yake, na kwa njia hiyo Burkitt akaanza kupata methotrekseti, baadaye siklofosfamidi na vinkristini. Nairobi, Peter Clifford alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo hiyo. Katika watoto wengi uvimbe ulipungua ndani ya siku chache. Mtoto aliyeletwa jicho limesukumwa nje alionekana wiki ya pili akila uji mwenyewe.

Lakini angalia lililofuata, kwa maana hapo ndipo ninapopenda wanafunzi wangu wasimame. Wazazi walipoona uso wa mtoto umerudi, waliona amepona, wakamchukua wakaenda zao nyumbani, mara nyingine baada ya dozi moja tu. Hospitali ikabaki na faili lililoandikwa “ametoroka”. Miezi ikapita, na baadhi ya watoto hao wakaonekana wakiwa wazima wa afya, wengine wakarudi wamevimba upya, na wengine hawakuonekana tena. Je, dawa inaponya, au inapunguza tu? Swali hilo halijibiwi na hadubini. Linajibiwa na mtu mwenye gari, orodha ya vijiji na majina ya machifu.

Burkitt aliondoka Uganda miaka ya katikati ya 1960, na kazi hiyo ikashikwa na daktari kijana wa Kimarekani, John Ziegler, aliyefika mwaka 1967 kuongoza kituo cha kutibu limfoma kilichofunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Kituo hicho ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kwa maoni yangu Ziegler hutajwa kidogo kuliko anavyostahili. Yeye na wenzake waliwagawa wagonjwa kwa kura, wengine wakapewa dozi moja ya siklofosfamidi na wengine dozi kadhaa, kisha wakawafuatilia hadi majumbani mwao ili wajue nani anaishi. Kwa ufuatiliaji huo waligundua kwamba kwa watoto wengine ugonjwa ulirudia kwenye ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa inayopita kwenye damu haifiki vya kutosha: mtoto aliyekuwa mzima anaamka asubuhi mdomo umekwenda upande, au kope haifungi. Ndipo ikaingia desturi ya kumchoma mtoto sindano mgongoni na kumtilia dawa ndani ya maji ya uti wa mgongo. Miaka hiyo hiyo, huko Memphis, Marekani, daktari Donald Pinkel alikuwa akiikabili shida kama hiyo katika saratani ya damu ya watoto, na alipoongeza tiba ya kichwa na uti wa mgongo, nusu hivi ya watoto wake wakapona ugonjwa ambao kabla ya hapo uliwaua karibu wote.

Kwa hiyo, mwanangu, soma kemia yako, lakini soma na takwimu, na jifunze patholojia hata kama harufu ya fomalini inakukera. Na ukiwa mwanafunzi wa udaktari, ukipewa kazi ya kuandika faili, liandike kana kwamba kuna mtu atakayelisoma miaka 30 baadaye.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, Kilifi. Mpwa wangu alitibiwa saratani, na muuguzi akatuambia dawa zile ni sumu. Mtu alifikiriaje kumpa mtoto sumu?

JIBU: Pole kwa mliyoyapitia, mama. Muuguzi alisema kweli, ingawa angeweza kuisema kwa upole zaidi.

Asili ya methotrekseti ni ya kushangaza, kwani ilianza na vitamini. Miaka ya mwisho ya 1920, Bombay, daktari Lucy Wills alikuwa akichunguza upungufu wa damu wa wajawazito maskini, akaona kwamba chakula kinachotokana na hamira kinawarudishia damu. Kiini chenye nguvu hiyo kikaja kuitwa asidi ya foliki, ambayo bila shaka ulipewa vidonge vyake kliniki ulipokuwa mjamzito. Baadaye Sidney Farber, mwanapatholojia wa hospitali ya watoto ya Boston, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza maiti za watoto na si kuwatibu walio hai, aliwapa watoto wenye saratani ya damu dawa za jamii ya foliki akitumaini zitawasaidia, akaona kana kwamba ugonjwa unakimbia zaidi. Mtu mwingine angeificha habari hiyo. Farber akaigeuza: kama foliki inazilisha seli mbaya, basi tuzinyime. Mwanakemia Yellapragada Subbarow, mzaliwa wa India, na wenzake walikuwa wametengeneza vitu vinavyofanana na foliki kwa sura lakini visivyofanya kazi yake, kama ufunguo unaoingia kwenye kitasa ukakwama. Mwishoni mwa 1947 Farber akaanza kutumia kimoja kiitwacho aminopterini, na mwaka 1948 akachapisha habari za watoto 16, ambao 10 kati yao walipata nafuu. Nafuu hiyo ilikuwa ya miezi tu, wakafa. Wapo madaktari waliomlaumu kwa kurefusha mateso. Methotrekseti ni ndugu wa aminopterini, na haikupita miaka 15 ikawa Kampala.

Sababu ya limfoma ya Burkitt kuitikia haraka namna ile ni kwamba seli zake hugawanyika kwa kasi ya kutisha. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Dawa hizi huzikamata seli zikiwa katikati ya kujigawa, kwa hiyo saratani yenye haraka zaidi ndiyo inayopigwa zaidi. Nywele na utando wa mdomo hupigwa pia kwa sababu hiyo hiyo. Kasi ya kufa kwa seli nayo ina hatari yake, kwani takataka zake zote huelekea kwenye figo kwa wakati mmoja na zinaweza kuziziba. Ndiyo maana uliona muuguzi wa mpwa wako hataki kumwacha alale kabla ya kumaliza dripu ya maji, na kila mkojo ukapimwa kwenye jagi na kuandikwa. Hakuwa akimsumbua mtoto.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, Bukoba. Niwie radhi kwa ukali. Dawa ambazo hazijathibitishwa zilijaribiwa kwa watoto wa Kiafrika, sifa zikaenda kwa Wazungu, na hata ugonjwa ukapewa jina la Mzungu. Mnatutaka tushangilie nini?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Huna haja ya kuomba radhi.

Kuhusu majaribio, nitasema ninavyoona. Burchenal alivutiwa na Kampala kwa sababu haikuwa na mashine za mionzi, yaani upungufu wetu ndio uliokuwa faida ya utafiti, na neno hilo halimezeki kirahisi. Azimio la Helsinki, linalowaelekeza madaktari kuhusu ridhaa ya mgonjwa katika utafiti, lilipitishwa mwezi Juni 1964, baada ya dozi za kwanza kutolewa. Upande wa pili, watoto wale walikuwa wakifa ndani ya miezi, hapakuwa na tiba nyingine waliyonyimwa, na dawa hizo hizo, zikiwa hazina uhakika vile vile, zilikuwa zikipewa watoto wa Boston, Memphis na New York. Kinachonikera mimi zaidi ni picha. Nyuso za watoto wa Uganda, kabla na baada ya tiba, zilizungushwa katika mihadhara na majarida ya dunia nzima, na leo nisingekubali picha ya mgonjwa wangu itumike hivyo.

Kuhusu jina, Burkitt hakuwa hata Mzungu wa kwanza kuuona ugonjwa. Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliacha kumbukumbu za watoto wenye uvimbe wa namna hiyo. Na bila shaka mama zao waliuona kabla ya Cook. Kuhusu sifa, hazikwenda zote upande mmoja, ila zilizotufikia hatukuzitangaza. Mwaka 1972, tuzo ya Lasker ya Marekani ilipogawiwa madaktari kadhaa walioendeleza tiba ya saratani kwa dawa, pamoja na Burkitt, Ziegler, Burchenal na Pinkel alikuwamo Victor Anomah Ngu wa Kamerun, aliyeutibu ugonjwa huu Ibadan, Nigeria. Mwaka huo huo Ziegler aliondoka Uganda ya Idi Amin, na taasisi ikabaki mikononi mwa Charles Olweny, Mganda, aliyeendelea kutibu na kuchapisha tafiti katika miaka ambayo kupata hata pamba ya hospitali ilikuwa kazi. Mwalimu, nikiulizwa nani ashangiliwe, ningeanzia hapo.

SWALI: Niko Muscat, asili yangu ni Tanga. Mtoto wa jamaa yangu aliye Uingereza alitibiwa limfoma hii akapona. Mtoto wa jirani yetu Tanga alikufa nayo. Dawa si ni zile zile?

JIBU: Nyingi ni zile zile. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Tofauti haiko kwenye dawa peke yake. Uingereza mtoto akipungukiwa chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maradhi, na kupata homa usiku, antibiotiki huingia mshipani ndani ya saa moja, na damu ya kuongezewa ipo. Kwa hiyo daktari wake anathubutu kutumia dozi kubwa. Kwetu dozi zile zingeua watoto ambao saratani ilikuwa haijawaua.

Kwa sababu hiyo madaktari wa Afrika walitafuta mpango unaolingana na hospitali zetu. Profesa Twalib Ngoma, aliyekuwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa Nairobi na Nigeria, walitumia siklofosfamidi, vinkristini na methotrekseti, pamoja na sindano za mgongoni, kwa wagonjwa 356, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2012, asilimia 62 walikuwa hai baada ya miaka miwili. Vinkristini, kwa taarifa yako, hutokana na ua dogo lenye asili ya Madagaska, la zambarau au jeupe, ambalo huenda limeota nyuma ya nyumba yenu Tanga. Lakini msilichemshe, kwani halipimiki namna hiyo na linaweza kuua.

Waliobaki wengi huchelewa. Mtoto hupelekwa kwanza kung'olewa jino, maana jino limelegea. Kisha hupewa antibiotiki za usaha wa fizi. Kisha nauli hutafutwa. Waambie walio nyumbani hivi: meno ya mtoto wa miaka minne au mitano yakilegea kabla ya wakati wake na taya likivimba bila homa wala usaha, asing'olewe. Apelekwe hospitali yenye uwezo wa kukata kipande kidogo cha uvimbe na kukisoma kwa hadubini, mfano Muhimbili au Bugando, na barua ya rufaa ikiandikwa Ijumaa asafiri Ijumaa, asingoje Jumatatu.